Mwano Ule Hukuupiga Wewe, Kaka

Kaka yangu Kahigi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, na hata ungekuwepo ungecheka, maana nimekupita umri. Ulipochukuliwa hukuwa umetimiza miaka ishirini na mitano. Mimi sasa nina watoto wanne, jino moja la nyuma limeng'oka, na wanafunzi wangu wa darasa la kwanza hapa Kiruruma huniita bibi wakidhani siwasikii. Lakini mkubwa ni mkubwa hata akiwa udongoni, kwa hiyo pokea shikamoo yako, halafu unisikilize, kwa sababu leo nina hasira na wewe.

Jana walikuja watu nyumbani. Mkungu anayetuongoza kijijini, mzee wa kanisa, na vijana wawili wa siasa waliopakizana kwenye baiskeli moja. Wanataka kusimamisha jiwe pale njia panda karibu na kijito, walijengee kwa saruji, liandikwe jina lako. Kwa kuwa mimi ni dada yako, tena ni mwalimu, wameniomba nitunge maneno. Kijana mmoja alikuwa ameshayatunga: "Kahigi, aliyepiga mwano wa kwanza." Akayasema amesimama wima, kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyefungwa. Niliwapa kahawa ya kutafuna, nikawaambia nitaandika. Nimekaa na karatasi tangu asubuhi, na kinachotoka ni barua hii. Jumapili baada ya ibada nitaisoma mbele yao wote.

Mwano ule hukuupiga wewe, kaka. Siku ile ulikuwa Bugomora kwa wakwe zako watarajiwa, unakunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, na kusifiwa. Wewe ulijua, na mimi nilijua, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikiitikia "ndiyo" kila watu wanapokuimba. Nimechoka.

Kwa wale watakaosikiliza na hawakukulia kwetu, mwano ni ile sauti ya juu inayopigwa mtu akivamiwa, nyumba ikiungua au mnyama mkali akiingia kijijini. Anayeisikia hana ruhusa ya kuuliza kuna nini. Anashika alichonacho, anakimbia inakotoka, na huku anakimbia anaipiga yeye pia ili wa mbele yake aisikie. Aliyesikia akakaa kimya huhesabiwa kuwa upande wa mwizi. Akifa kaburi lake halichimbwi, na moto ukizimika jikoni kwake hakuna wa kumpa kaa. Mama alitufundisha hayo kabla hatujajua Baba Yetu.

Wewe nawe ulizaliwa na ugonjwa wa kuongeza. Ukikamata senene kibuyu kimoja, ulipofika nyumbani vilikuwa vitatu na viwili umeporwa njiani. Fisi aliyepita nyuma ya kibanja chetu cha migomba alikuwa na mke na mashemeji. Uliponifundisha kusoma, ukichora kwa kijiti juu ya jani la mgomba, tulifika herufi ya mwisho nikakuuliza kama zimeisha. Ukaniambia bado tatu, wazungu wamezificha. Nilizibeba herufi zako tatu hadi shule ya misheni, nikanyoosha mkono, nikaziulizia. Darasa zima lilicheka mpaka kengele. Nilirudi nyumbani nalia, na wewe ukaniambia usijali, mwalimu huyo bado hajafika juu.

Nilikupenda sana, Kahigi. Lakini ulikuwa unachosha.

Unakumbuka walivyokuja wale askari. Ilikuwa katikati ya vita vikuu vya pili. Walitoka nchi nyingine kabisa, wakapiga kambi juu ya kilima kulinda barabara ya malori yanayobeba bati kutoka machimboni Kyerwa. Mkuu wao mzungu alitukusanya akasema wamekuja kutulinda. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Dhidi ya nani?" Na kweli, adui hatukuwahi kumwona hata kijiji jirani cha Kimuli. Tuliowaona ni hao walinzi.

Mwanzo waliomba. Kuku, ndizi, maziwa. Baadaye wakaacha kuomba. Walichukua maziwa ya watu wakayachemsha, wakayala pamoja na maharage, na Mama alipopata habari alikaa chini kabisa, maana ng'ombe wa maziwa yaliyotendwa hivyo hukauka. Alisema mtu anayechemsha maziwa ya wenyewe anaweza kufanya lolote. Tulimcheka. Kule Kimuli mkulima mmoja alivunjwa mkono kwa sababu ya jogoo. Wazee wakaenda kwa mkungu wa wakati ule, mkungu akapeleka malalamiko juu, na jibu likarudi kwamba askari wale hawaibi, wananunua. Wazee wakaenda mara ya pili. Jibu likarudi lile lile. Mara ya tatu wakaambiwa wanamsumbua mkubwa katika kazi za vita.

Siku ile jua lilikuwa utosini. Nilikuwa kijitoni naosha vibuyu, na upande wa juu Laurenti, yule mfugaji Mkatoliki aliyekuwa na ng'ombe wekundu, alikuwa amewaleta kunywa maji. Mke wake alikuwa chini zaidi, karibu na mimi, anachota. Wakateremka askari wawili. Nilipoona bunduki niliingia kwenye matete nikalala kifudifudi. Walimkamata mke wa Laurenti. Walichomfanyia sitakiandika. Kila mwanamke atakayekuwa kanisani Jumapili atakuwa ameshakijua kabla sijamaliza sentensi hii. Laurenti alikuja mbio na fimbo yake ya kuchungia, fimbo tu, na mmoja wao akampiga kwa kitako cha bunduki. Alianguka na kichwa ndani ya maji, na hakukiinua.

Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mkono. Mkono ukatoka wenyewe.

Nilipiga mwano, kaka. Sikujua kama kifua changu kina sauti ya namna ile. Ng'ambo ya bonde mtu akaupokea, kisha mwingine juu yake, kisha ukaenda hata nisijue tena wangu ni upi. Wale wawili wakakimbilia kambini. Nikatoka kwenye matete, na mke wa Laurenti alikuwa anajifunga kanga yake upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda sokoni. Akaniangalia. "Kimbia nyumbani," akasema. "Hukuwepo. Hukuona." Aliniapisha kwa Bikira Maria. Mimi ni Mlutheri, lakini niliapa.

Watu walipofika, na walifika wengi mpaka kilima kikawa cheusi kwa watu, wanaume na mihoro yao ya kukatia migomba, wanawake na michi, walimkuta Laurenti amekufa na mkewe akisema walitaka ng'ombe. Hilo tu. Wakapanda kambini. Ghala likachomwa, mahema yakachomwa, bendera ikashushwa ikafungiwa mzoga wa kuku. Askari walifyatua risasi, na wawili wetu walirudishwa kwa machela. Kesho yake barabara ilikatwa mitaro sehemu mbili, na Kimuli wakakata ya kwao. Sokoni hakuna aliyemuuzia mtu wa kambi hata kiazi kimoja.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo ninapotaka kuuma kitu kwa hasira. Laurenti alipokufa hakuja mkubwa yeyote. Malori ya bati yalipokwama, bwana shauri, mzungu wa wilaya, alifika siku ya tatu.

Na wewe ulirudi jioni ya siku ya pili, umependeza, na mbuzi wa zawadi kwenye kamba. Mimi na Mama tulikuwa tunamenya ndizi. Hakukuuliza habari za wakwe.

"Kila nyumba imetoa mtu," alisema. "Yetu imetoa moshi tu."

"Mama, nilikuwa Bugomora."

"Najua ulikokuwa. Baba yako angekuwa hai angekuwa wa kwanza kule mbele. Kesho kuna baraza. Watu wakiniuliza mwanangu alikuwa wapi niseme alikuwa anakula ukweni? Siku nikifa utachimba shimo peke yako."

Ulikaa pale mlangoni huku mbuzi anatafuna upindo wa shuka yako, na hukusema neno. Kimya chako kilinitisha, maana sikuwahi kukiona. Na mimi, Kahigi, nilikuwa na kisu mkononi na jibu mdomoni. Ningesema tu, "Mama, nyumba yetu imetoa mtu, na amekaa hapa." Maneno machache kuliko haya. Niliendelea kumenya. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa changu ulikuja kukuangukia wewe.

Baraza lilikuwa uwanjani kwa mkungu. Bwana shauri alikaa nyuma ya meza, mkalimani pembeni, sisi wanawake tumekaa chini upande wa kushoto. Akauliza swali lake moja alilotoka nalo mjini. Nani alipiga mwano?

Wanaume wote wakasimama.

Nikikumbuka sijui nicheke au nilie. Hata yule mzee kiziwi wa kule bondeni alisimama, baada ya jirani kumfinya. Nani angekaa? Kukaa kulikuwa ni kusema mbele ya mama yako na mkwe wako kwamba ulisikia ukajilalia. Bwana shauri aliiva uso. Alidhani wanamkejeli. Mkalimani, mtu wa Bukoba, alijaribu kumweleza, "Bwana, huku anayesikia mwano lazima naye aupige. Mwenye kosa ni yule asiyepiga." Yule bwana akasema kwake kuupiga ndilo kosa, ni kuchochea watu wachome mali ya serikali. Wakatazamana hivyo, kila mmoja na sheria yake. Kisha akauliza, basi wa kwanza ni nani?

Wanaume wakapepesa macho huku na huku wakimtafuta. Hawakuwa wanaficha. Hakuna aliyejua, maana mwano ukishapokelewa hauna mwenyewe. Bwana shauri angekaa pale mpaka jioni, angechoka, angewatoza faini wote akaondoka. Niliona hata mkalimani anafunga kalamu.

Ukafungua mdomo.

"Waitu," ukasema kwa heshima, "wa kwanza ni mimi."

Ungeishia hapo. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini wewe ukaongeza. "Nilikuwa pale pale kijitoni. Niliwaona wote wawili. Mmoja nilimzaba kofi." Nikasikia Mama, aliyejua ulikokuwa, anavuta pumzi kwa fahari. Nikainuka nusu. Mke wa Laurenti alikuwa amekaa mbele yangu amejifunika shuka ya msiba, akageuza shingo, akaniangalia, akatikisa kichwa mara moja. Nikakaa.

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa kilikuwa chako.

Tena nikuambie kitu ambacho kimenikera kuliko uongo wako. Ulisema mbele ya serikali kwamba uliwaona wale askari kwa macho yako. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza, walikuwa wanafanya nini? Swali hilo halikuulizwa. Aliuliza jina lako, jina la baba yako na kibanja chako. Hakuna aliyeuliza mwano ulipigwa kwa nini, si siku ile wala baadaye. Wengine walichapwa viboko wakarudi makwao. Wewe ukafungwa mikono ukapandishwa lori, kiongozi wa fujo. Haikupita wiki, wale askari nao wakapandishwa malori yao wakahamishwa. Sijui walipelekwa wapi, wala kama huko kuna kijito.

Tulikuja kukuona mara moja kabla hawajakuvusha ziwa. Mama alikuletea blanketi, mimi kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye ganda la mgomba. Mama alipotoka nje kumbembeleza askari jela, nikakuambia yote, haraka haraka. Uliendelea kutafuna kahawa yako. Kisha ukauliza, "Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi niachie."

"Kahigi, nikisema watakutoa."

"Watamwita yule mama aeleze mbele ya wanaume wote wale. Kisha hawatanitoa." Ukatema maganda. "Halafu mimi nitakuwa nani? Mtu aliyejifunga kwa uongo wake mwenyewe. Niachie, Kemilembe."

Nimelipima neno lako kwa miaka mingi. Ulikuwa unamhurumia mke wa Laurenti, au ulikuwa hutaki kuchekwa? Kwa kuwa nakujua, nasema yote mawili, na la pili lilikuwa limeshiba zaidi. Usinune. Lakini lile la kwanza lilikuwepo, maana ndilo ulilolisema kwanza, na wewe hukuzoea kuanza na wengine.

Blanketi lilirudi mwaka wa pili, limekunjwa, na habari kwamba ulikufa kwa homa ya mapafu. Mama aliliweka kitandani kwake akalilalia mpaka naye akafa. Ukitaka kujua, kaburi lake lilichimbwa na kijiji kizima. Waligombania majembe. Mama wa aliyepiga mwano wa kwanza, walisema, na mimi nikaitikia ndiyo.

Hivyo ndivyo ilivyoenda. Kila mwaka hadithi yako ilinenepa, na wewe hupo tena kuinenepesha. Kofi moja limekuwa makofi mawili, na juzi nimesikia uliwanyang'anya bunduki. Kila unavyokua, Laurenti anapungua. Vijana wale wa baiskeli nimewauliza jana, mwano ule ulipigwa kwa ajili ya nani? Wakatazamana. Mmoja akasema, kwa ajili ya uhuru. Nilitaka kuwatoa nje na kahawa yangu wairudishe. Mtu ameuawa akitetea mkewe kwa fimbo ya ng'ombe, na leo hata jina lake hawalijui, kwa sababu mwanamke mmoja aliona aibu isiyo yake, msichana mmoja aliapa kiapo cha dhehebu lisilo lake, na mwanaume mmoja hakuweza kusema sentensi akaiacha ilivyo.

Mke wa Laurenti amefariki mvua zilipoanza. Nilimuuguza mwenyewe. Siku tatu kabla ya kufa alinishika mkono, akaniambia, "Nikishazikwa, sema. Sitakuwepo kuangaliwa." Nikamuuliza kama niseme yote. Akasema, "Yote. Na mume wangu umtaje kwa jina." Ruhusa yake ninayo. Yako sina, na nimeamua kutoingoja, maana ulisema nikuachie, nami nimekuachia jambo hili mpaka sasa, na angalia ulivyolitumia.

Kwa hiyo maneno ya jiwe nimeyatunga, na nitawapa Jumapili pamoja na barua hii. Juu yataandikwa hivi: Laurenti aliuawa hapa na askari wa kambi, akimtetea mke wake. Chini yake: Kahigi aliitikia mwano. Basi. Najua vijana watanung'unika. Najua kuna wazee watakaoacha kunisalimu, na pengine mume wangu ataulizwa kama mkewe ana akili timamu. Mkungu anaweza kusema saruji yake imeharibika. Nimeogopa kwenye matete mara moja, na mara ya pili nikiwa na kisu cha kumenyea ndizi. Ya tatu sitaki.

Lakini usidhani nimekupunja. Nimelikalia neno lile kutwa nzima, nikalifuta, nikalirudisha. Nilikuwa naandika "alisema uongo", na ni kweli. Halafu nikawakumbuka wale wote walioitikia siku ile. Waliusikia wakakimbia, na wengi walirudi makwao jioni kula. Wewe hukuusikia kabisa. Ulikufikia umechelewa siku mbili, kupitia mdomo wa Mama, hujui umetoka kifuani kwa nani wala umepigwa kwa nini. Ukasimama, ukauitikia, ukaenda nao hadi ng'ambo ya ziwa na hukurudi. Sijui mwingine aliyeitikia mbali namna hiyo. Nakulilia mpaka leo, Kahigi, na hasira yangu yote ni kwamba nilikuwa mita chache kutoka kwako na hukunisikia kwa sababu sikusema.

Sasa nimesema. Mwano niliupiga mimi. Wewe uliuitikia. Inatosha, kaka, ni kubwa hivyo hivyo ilivyo. Safari hii usiongeze.

Ni mimi, mdogo wako,
Kemilembe